Mpishi wa Misheni Mjini Bologna

Julai ya 1996, kwaya ya Migori ilipoalikwa Bologna, huko Italia, mwimbaji Bochaberi aliona kwamba mpishi wa misheni yao, waliyesafiri naye, haangalii minara. Wenzake waliinua shingo hadi zikauma. Yeye alikodolea macho madirisha ya maduka ya vyakula. Jua lilichoma, naye hakulivua koti zito alilonunua Awendo kwa kuogopa baridi ya Ulaya. Kila genge la mboga walilopita alishika nyanya, akaibonyeza kwa kidole gumba chenye kovu la kisu, akainusa, kisha akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha yai kiotani. Hii inaitwaje? Ile inachemshwa kwa muda gani? aliuliza bila kukoma. Sista aliyewatafsiria alichoka kabla ya saa sita.

Mchana, hotelini, waliletewa tambi pana zenye mchuzi wa nyama ya kusaga. Mpishi hakugusa uma. Bochaberi, aliyeketi kando yake, akamsogezea uma ule.

"Kula, mzee. Unaogopa nini?"

"Hii padri wetu Mwitaliano alinifundisha kwa mdomo tu," akanong'ona. "Miaka kumi na tisa napikia watu, na sijawahi kuonja ya mwingine. Kama nimekuwa nikikosea je?"

Akatia tonge kinywani, akafumba macho, akatafuna polepole.

"Iko aje?" Bochaberi akauliza.

"Ni ileile," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ila huyu hakutia chumvi ya kutosha."

Alipomaliza, akamsogezea mhudumu sahani. "Mama, niongezee."