Demavve na Kidonge cha Zebaki

Demavve alikuwa binti wa mhunzi, na kazi yake pale Srisailam, mlima mtakatifu wa kusini mwa India, ilikuwa kuwanolea tindo wachongaji wa ukuta wa hekalu. Mumewe, Bhimoja, ndiye aliyepewa kuwachonga mayogi, watawa wa mlimani: mmoja amesimama kwa mguu mmoja, mwingine amempanda simba, na wa mwisho amechutama mbele ya tanuri akipika zebaki.

Huyo wa mwisho ndiye aliyeleta balaa. Bhimoja hakutaka kuchonga tanuri kwa kubahatisha, akawa anashinda pangoni kwa Bhadranatha, yogi mzee aliyejipaka majivu, akitazama chungu kinavyochemka huku moshi ukimpiga usoni. Mvua zilipokwisha, fizi zilimvimba, mate yakamchuruzika kama mtoto anayeota meno, na vidole vikaanza kutetemeka. Tindo iliteleza, ikamega pua ya simba.

"Uchovu tu," Bhimoja akamwambia mkewe.

"Uchovu gani unaokumwagia uji kifuani?"

Asubuhi moja Demavve hakumkuta kwenye jukwaa la kuchongea. Alipandisha mlima mbio hadi pangoni, nguo kaikunja magotini. Mumewe alikuwa ameketi mbele ya yogi, kidonge cheusi cha zebaki kiganjani.

"Usimeze, mume wangu!"

"Swami anasema mwili utakuwa kama dhahabu, mke wangu. Mikono itarudi."

Watu walisema laana ya Bhadranatha hukausha hata kisima. Demavve alimgeukia. "Swami, hebu nyoosha mikono yako."

"Unajua unasema na nani, mwanamke?"

"Najua. Inyooshe."

Yogi alimkazia macho. Kisha akaitoa mikono chini ya ngozi ya swala. Ilitetemeka kuliko ya Bhimoja.

"Sikumwambia atapona," alisema taratibu. "Nilimwambia hatakufa."

"Sisi tuna watoto, Swami. Tunataka apone."

Bhimoja alikuwa bado amekikodolea macho kidonge. Demavve hakuthubutu kumnyang'anya. Aliogopa akimgusa tu, atakitupia kinywani. Alisimama pale pale, akingoja. Hatimaye Bhimoja alikiweka juu ya jiwe, akaangua kilio.

Mikono haikurudi sawasawa. Nduguye Bhimoja, naye mchongaji, ndiye aliyemalizia uso wa yule mpika zebaki, na Bhimoja akahamia machimboni, kugonga mawe na kusikiliza kama yana ufa. Baadhi ya wachongaji wakamtania: "Fundi wa masikio!" Demavve hakuwajibu. Ila tindo zao alizinoa mwisho, baada ya za watu wote.