Asali Pajani Siku ya Posa

Aibu hii ningeizika kimyakimya kama isingeshuhudiwa na ukoo mzima wa Sesilia, lakini kwa kuwa watu wanaisimulia kila siku ya mnada, tena kwa kutia chumvi, heri muisikie kwangu mimi niliyeumwa.

Mimi ni mrina asali (kabla ya hapo nilichimba dhahabu Segese, nikaambulia vumbi), na siku nne kabla ya kwenda Ushirombo kumposa Sesilia niliteleza nikishuka mtini kutoka kwenye mzinga, kisiki cha tawi kikanichana paja, juu kabisa, pale ambapo mtu mzima haonyeshi watu. Zahanati ipo, tena karibu, ila muuguzi wake ni mama yake Sesilia. Sasa niambieni nyinyi, huku kwetu ambako mkwe akimwona mama mkwe njiani anakata kona apite porini, mimi niende nikamvulie suruali? Nikasema thubutu, nitajitibu.

Na dawa nilikuwa nayo. Kwenye mafunzo ya wafugaji nyuki mwalimu alitueleza kwamba ndani ya asali mbichi wamo bakteria wema, wanatoka tumboni mwa nyuki mwenyewe, na wanasaidiana na asali kuvizuia vijidudu vya maradhi visizaliane, ila ukiichemsha unawaua. Nikalishika hilo kama katekisimu. (Aliendelea kusema kitu kuhusu vidonda, lakini hapo nilikuwa namwandikia Sesilia meseji.) Basi kila asubuhi napaka asali, nafunga kipande cha kanga, naendelea na kazi. Siku ya posa nikaona niongeze dozi, bakteria wangu wasije wakaishiwa nguvu njiani, nikamimina karibu kikombe kizima pamoja na vipande vya masega, nikavaa suruali ya kitambaa, nikapanda pikipiki na mjomba Shija, mshenga wangu.

Tulipokelewa vizuri, shikamoo kwa wazee wote, nikapewa kiti kivulini chini ya mlimau. Mwoaji haongei, anainamisha kichwa na mshenga ndiye mdomo wake. Na baba yake Sesilia alikuwa ameshamkataa mwanaume mmoja kwa sababu tu alipokea simu wazee wakizungumza, kwa hiyo nilikuwa nimeapa, hata mbingu ishuke, mimi sinyanyuki pale kitini.

Mjomba hajafika hata kwenye ng'ombe wa mahari, nikahisi kitu kinapanda mguuni. Asali ilikuwa imeyeyuka kwa joto, imechuruzika hadi kwenye soksi, na mlimau ule ulikuwa umejaa majimoto, wale chungu wekundu wanaong'ata kama kaa la moto. Wa kwanza akang'ata goti. Nikakaza meno. Wakaja wenzake. Nikamfikiria Sesilia, nikakaza tena, jasho linatiririka, machozi yanadondoka kwenye viatu.

"Mbona kijana analia?" baba yake Sesilia akauliza.

"Ni upendo, mzee," mjomba akajibu bila kupepesa.

Wazee wakaguna kwa kuridhika, na wallahi ningeshinda, ningeshinda kabisa, kama jimoto mmoja asingefika mahali nisipopataja. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimesimama katikati ya wazee, suruali ipo kwenye vifundo, napiga mapaja yangu kwa mikono miwili, na shangazi mmoja anapiga yowe kwamba mkwe kapandwa na mashetani.

Mama yake Sesilia ndiye aliyetoka jikoni. Watu wakainamisha nyuso kwa aibu, yeye akaja moja kwa moja na beseni la maji.

"Lala kwenye mkeka."

"Mama, wewe ni mkwe wangu, siwezi..."

"Hapa mimi ni muuguzi. Habari za mkwe zitasubiri."

Akafungua ile kanga, akatazama. "Umeweka nini humu?"

"Asali, mama. Ina bakteria wema."

"Bakteria wema nawajua," akasema, akachomoa kitu kwa kibanio na kuniinulia usoni. "Na huu mguu wa nyuki, nao ni mwema? Asali ya kutibia vidonda ipo, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "lakini husafishwa kwanza. Ya mzingani ina wema na wabaya humohumo. Huku chini kumeanza usaha."

Baba mtu akakohoa, akamwambia mjomba kwamba jibu watalitoa kidonda kikipona. Nililia tena, safari hii siyo kwa majimoto, bali kwa sababu niliona Sesilia dirishani amejifunika uso kwa viganja.

Nilikwenda zahanati siku kumi na mbili. Ningeweza kupanda gari nikatibiwe Kahama asikonijua mtu, lakini nikasema hapana, kama nimeaibika nitaaibika mpaka mwisho. Napanga foleni, namwamkia, anasema marahaba, nyoosha mguu, basi, hakuna neno lingine. Siku ya mwisho akakibonyeza kidonda, kimekauka.

"Mwambie mjomba wako aje Jumapili," akasema akinawa mikono. "Wewe ubaki nyumbani."

Nikabaki, na posa ikapokelewa bila mimi. Leo Sesilia ni mke wangu, asali bado narina na bado naila mbichi, lakini ukinichoma hata mwiba naenda zahanati, na zamu yangu ikifika namnyooshea mama mkwe mguu kabla hajaniambia.