Haisi ya Bujiku na Gari la Milango Miwili

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Hapana, tisini na tano, maana wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia Bariadi, na Bujiku alikuwa ameshauza madume yake ya ng'ombe akanunua Haisi, basi dogo la kubebea kundi lake la ngoma.

Bujiku wa Lagangabilili alikuwa ningi, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo za kukashifu watu. Mdomo wake ulikuwa wembe. Na ngoma za kule hazina mwamuzi: baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja, na anayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Anayeshindwa huweza kuhamwa hata na wachezaji wake. Hilo Bujiku alikuwa akiliogopa kuliko njaa.

Adhuhuri ya siku ya mashindano mpinzani wake, Masalu, kaka wa mkewe, aliingia uwanjani na gari dogo jekundu la milango miwili. Kaazimwa na mnunuzi mmoja wa pamba aliyetaka wakulima wamjue.

"Mwangaluka, shemeji!"

Bujiku aliipuuza salamu ile. Alilizunguka lile gari, akatema mate.

"Linabeba wangapi hili?"

"Wawili. Lakini linakimbia mia mbili na arobaini."

"Kwenda wapi? Kutoka hapa mpaka Mwandoya, nionyeshe pa kukimbiza mia mbili!"

Watu wakacheka.

"Injini yake silinda sita, shemeji. Hilo lako nne tu, linakohoa kama bibi mnusa ugoro."

"Linakohoa limebeba kundi zima, na ngoma juu ya keria! Wachezaji wako wamekuja kwa baiskeli toka Shishiyu, wamejaa vumbi mpaka kope."

"Banda la kuku lenye matairi!"

"Na lako tumbo liko shibiri moja toka chini. Likipanda tuta la viazi, utumbo wote unabaki hapo!"

Vigelegele vikapigwa. Viti, mafuta, kimo, mzigo, kila walichopimana Bujiku alishinda, na umati wote ulikuwa kwake. Masalu akaingia garini, akabonyeza kitu. Boneti ikafumbua macho: taa mbili zilizokuwa zimefichwa zikanyanyuka polepole, zikawaka. Akabonyeza tena, zikalala.

Uwanja mzima ukahama. Wazee wakasukumana na wajukuu wao. Mihayo, mpiga ngoma wa Bujiku, aliondoka na ngoma yake begani. Hata Milembe, mke wa Bujiku, alikwenda, akapiga makofi kila taa zilipofumbuka.

"Rudini, wajinga nyie!"

Bujiku alipanda juu ya Haisi, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyegeuka. Jioni alirudi Lagangabilili peke yake, viti nyuma yake vikigongana kwenye makorongo.

Msimu uliofuata wachezaji wake wote walikuwa kwa Masalu. Haisi akaifanya ya abiria, na hakusamehe mtu. Mihayo akimpungia mkono barabarani, alifunga breki, akashusha kioo, akamuuliza swali moja, kisha akaondoa gari bila kumpakia. Swali hilohilo alimuuliza Milembe jikoni, akamuuliza Masalu msibani mbele ya waombolezaji, mpaka kichwa chake mwenyewe kikawa cheupe kwa mvi. Swali lenyewe lilikuwa hili:

"Siku ile jua lilikuwa utosini. Zile taa zilikuwa zinawamulikia nini?"