Paka Wawili na Mjukuu Mmoja

Mjukuu wangu wa kwanza alishushwa kwenye lori pale kijijini kwetu Mnyambe akiwa na mfuko wa nguo na tenga lililofungwa kamba. Ndani ya tenga alikuwamo paka wa manjano, ananitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Binti yangu aliyeolewa Masasi alikuwa amejifungua tena, nami nikadai haki yangu: mjukuu wa kwanza ni wa bibi. Alikubali kwa shingo upande. "Nitakuja kumwangalia. Nikimkuta amekonda, mama, narudi naye."

Mtoto alinishika mkono, shikamoo, marahaba, na papo hapo akasema, "Bibi, paka wangu akifukuzwa, na mimi naondoka."

"Wewe mke mwenzangu," nikamjibu, "hujakaa hata chini, ushaanza masharti?"

Sasa, mimi nilikuwa na paka wangu. Jike jeusi, sikio limechanika, kali kunishinda mimi. Ilikuwa miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa. Zamani ulikausha, ukapeleka kwenye chama cha ushirika, ukaenda zako. Sasa wanunuzi walikuja na magari mpaka mlangoni, kila mmoja na ulimi wake, nasi tukawa tunalaza magunia ndani tukimngoja mwenye maneno matamu zaidi. Gunia likilala ndani, panya hawalali. Yule mweusi ndiye aliyekuwa askari wa ghala langu. Kumtoa yeye ni kuwakaribisha panya, na kumtoa wa manjano ni kumtoa mtoto.

Tenga lilipofunguliwa, mweusi alivimba akawa kama mbuyu wenye macho. Manyoya yaliruka mpaka kwenye mboga. Wa manjano alikimbilia juu kwenye boriti, akagoma kushuka. Mtoto naye akawa anakaa chini ya boriti, anambembeleza, ugali wake unakauka sahanini. Nilimwona shingo inaanza kuwa nyembamba. Binti yangu akisema narudi naye, anarudi naye kweli. Ukaidi huo kautoa kwangu.

Mzee wangu akajifanya anajua. "Wafungie ghalani wote wawili. Watazoeana tu."

"Wewe uliwahi kuona wapi?"

"Niachie mimi."

Nilikwenda bondeni kuchota maji. Niliporudi, ghala linalia kama kuna jando ndani. Mlango ulipofunguliwa, walitoka kama mishale, huku na huku, na nyuma yao ikatoka harufu ambayo siwezi kuiandika. Walikuwa wameyakojolea magunia kwa hasira. Mnunuzi akaja kesho yake, akafungua gunia la juu, akainua pua. "Mama, hizi ni korosho au choo cha paka?" Akapanda gari lake akaondoka. Ilitubidi kumwaga zote kwenye majamvi zipigwe jua, na magunia kuyafua kwa maji yale niliyopanda nayo mlima kichwani. Nikamwambia, "Mume wangu, ya korosho yaamue wewe. Ya wake wenza niachie mimi, nimezaliwa humo."

Kweli nimezaliwa humo. Mama yangu alikuwa mke mkubwa, na mke mdogo walikaa naye ua mmoja mpaka kuzeeka. Kila mmoja na jiko lake, kila mmoja na mlango wake, na mkubwa husalimiwa kwanza. Basi nikafanya hivyo hivyo. Wa manjano nilimpa chumba cha mtoto, mlango ukafungwa. Mweusi akabaki na ghala na uwanja wake. Khanga kuukuu aliyolalia mweusi nikamtandikia mdogo, na kitambaa cha mdogo nikampelekea mkubwa, ajue jasho la mwenzake kabla hajaona sura yake. Dagaa tuliwawekea huku na huku ya mlango mmoja. Mkubwa kwanza, mdogo baadaye.

"Bibi, kwa nini wangu wa pili?" mtoto akanuna.

"Kwa sababu ndiye aliyekuja jana. Na usimbebe mbele ya mkubwa. Unataka nyumba iwake moto?"

Siku moja alikosa subira, akafungua mlango wazi. Wakarukiana, akalia yeye kuliko paka. Tukaanza upya: mlango umefungwa, kisha ufa mdogo, kisha jamvi tu limening'inia. Na kwa kuwa kazi ya kugawa dagaa ilikuwa yake, akawa anakula na yeye hapo hapo sakafuni, anasimamia kama hakimu.

Hawakupendana, nisidanganye. Lakini nilikuta mchana mmoja mkubwa amelala kwenye jamvi la korosho, mdogo amelala upande wa pili, kila mmoja anamwonyesha mwenzake mgongo. Nikasema alhamdulillahi. Mgongo ni amani.

Binti yangu akaja. Mtoto alimwamkia, akamtazama anavyovuta kigoda, akamfokea, "Mama, usikae hapo, utamkanyaga mkubwa!" Alikuwa na mashavu kama maandazi. Mama yake akamtazama, akanitazama mimi, akacheka kwa uchungu kidogo.

Mfuko aliouleta wa kubebea nguo za mtoto tuliujaza makopa ya muhogo. Nilimsindikiza binti yangu mpaka kwenye gari la Masasi, amenuna.

"Usininunie," nikamwambia. "Wewe una yule mchanga. Huyu ni wangu."