Kete ya Tatu Kule Makambako

Enzi za Mwingereza, meza ya drafti katika ukumbi wetu wa Njombe ilikuwa ya wanaume. Nilipoomba kucheza walicheka, nami nikawaka. Hasira zangu ziko karibu, sizifichi. Mwishowe wakasema niende mashindano ya Makambako kama mchezaji wao wa mwisho. Nikishinda hata mchezo mmoja, wanawake wote tutacheza. Nikishindwa, wasisikie tena habari hizo.

Kura ikanitupa kwa bingwa wa Makambako, dereva wa lori ambaye hakuna aliyekumbuka alishindwa lini mara ya mwisho. Mume wangu, aliyenifundisha mchezo, akashika kichwa.

"Kamwene, shemeji," bingwa akanisalimu kwa Kibena, maana alifahamiana na mume wangu. "Ugali umemwachia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Drafti bila maneno hainogi, na yeye mdomo haukumkauka. Kete zilikuwa vipande vya tawi la mwati, nyeusi zimebabuliwa motoni. Kila alipokula moja aliigonga mezani, akawageukia watazamaji kuwauliza kama mpinzani wake bado yupo. Nilitamani kumtupia ubao. Lakini nikaona jambo: akishakula, haangalii tena mchezo.

Nikampa kete moja. Akaigonga. Nikampa ya pili. Akaigonga, akawageukia watu wake. Nikasogeza ya tatu. Aliporudisha shingo, mkono ukabaki hewani. Alikuwa ameuona mtego.

"Kula, shemeji," nikamwambia.

"Nimeshiba."

"Kula ni lazima."

Ndiyo sheria ya drafti, na yeye aliijua kuliko mimi. Akala taratibu, bila kugonga. Nikaruka kete zake nne kwa mpigo mmoja, nikafika mstari wake wa mwisho, nikaingia kingi. Kete zake zilizobaki zilihangaika kidogo, zikaisha.

Kisha bingwa mwenyewe akaanza kucheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mume wangu akawa anamkumbatia kila aliyepita. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Jumamosi iliyofuata nikaenda ukumbini Njombe kudai meza yangu. Nikakuta imekaliwa. Wake wawili wa walimu walikuwa wakibishana juu ya kete, na nyuma yao akina mama wamepanga foleni hadi mlangoni, watoto mgongoni. Nikauliza zamu yangu ni lini.

"Wewe subiri," wakanijibu bila kugeuka. "Umeshacheza Makambako."