Kisu Changu Kipya na Nguru wa Ukweni

Nilinunua kisu cha kukunja, chuma kigumu kuliko vyote dukani, nikakinoa mpaka makali yakawa membamba kama wembe. Mkono wangu wa kushoto ulibaki hauna unywele kwa kukijaribu. Muuzaji alinionya kuwa chuma kigumu kikinolewa chembamba hivyo humeguka, lakini nani alikuwa anamsikiliza?

Jumapili nikaenda ukweni Usagara. Mama mkwe alitaka kukata nguru, nikamnyang'anya kazi. Kwenye uti wa mgongo kisu kikalia kach. Nikamalizia, nikakikunja upesi.

"Kimeweza?" akauliza.

"Mama, hiki hakijui mfupa."

Wakati wa kula, baba mkwe aliacha kutafuna, akatoa mdomoni kitu kinachometameta.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hebu kikunjue hicho kisu, tuone hiki kinaingia wapi."