Kipimo cha Kibofu Mbele ya Mkwe

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana mjini Mbeya, tena mwenye uchovu ambao hata likizo haikuweza kuuondoa. Mama alikuwa amekuja kukaa nami kutoka upande wa Kalenga, kwa kuwa mkojo ulimponyoka bila hiari. Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, nilifua matambara yake kwa maji ya baridi kali; jioni niliyakuta juu ya kamba yakiwa mabichi vilevile, maana ukungu wa mlimani haukuyapa nafasi ya kukauka. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Alisema Mungu humsikia hata akiwa jikoni, nami sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Daktari wa misheni alinieleza kwa subira. Kibofu cha mama kilikuwa kikijibana chenyewe kabla ya wakati. Ikiwa kilijibana bila yeye kuwa na habari, basi mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekufa, na yeye daktari hakuwa na tiba ya kumpa. Lakini ikiwa alihisi haja, hata kwa kuchelewa kidogo, dawa ilikuwapo, na kibofu kingeweza kufundishwa. Ili kujua, angejazwa maji kidogo kidogo kwa mpira mwembamba, huku maji yanayopanda katika bomba la kioo kando ya kitanda yakionyesha nguvu ya kibofu. Kazi ya mama ilikuwa moja tu: kusema pindi atakapohisi haja.

Aliyeshika chupa ya maji alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, na dresa huyo alikuwa mdogo wa mume wangu. Nilifarijika kumwona. Nilidhani tumepata mtu wetu.

"Kamwene, mama," alisalimu, macho yake sakafuni. Mama aliitikia kutoka ndani ya shuka aliyojifunika mpaka puani.

Maji yakaanza kuingia. Daktari aliuliza, nami nikamtafsiria mama kwa Kihehe.

"Unahisi haja?"

"Bado."

Maji katika kioo yakapanda ghafla. "Je, sasa?"

"Bado."

Yakapanda tena. Niliona vidole vya miguu yake vimejikunja kama makucha ya kuku, lakini jibu likabaki lilelile. Daktari akatikisa kichwa, akaamuru mpira ufunguliwe, akatoka kunawa mikono. Dresa naye akamfuata upesi.

"Mama, kweli hukuhisi kitu?" nilimnong'oneza.

"Nilihisi tangu mwanzo. Ulitaka nimtangazie mkwe wangu kwamba nimebanwa na mkojo? Mimi mbele yake hata ugali sijapata kutafuna!"

"Daktari atasema huponi."

"Basi nisipone, heshima yangu ninayo."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikukasirika, hasira nayo inataka nguvu. Baada ya muda nilitoka, nikamweleza daktari kwa Kiingereza jinsi mkwe, hata akiwa ndugu wa mume tu, anavyoheshimiwa kwetu. Alisikiliza, akakubali kurudia kipimo mama akishapumzika. Ila hakuwa na mtu mwingine wa kushika chupa.

"Nipe mimi, shemeji," nilimwambia dresa.

"Chukua, shemeji, chukua! Mimi mle ndani nilikuwa naomba ardhi ipasuke." Akanionyesha namna ya kulegeza kibanio cha mpira, akatoka nje.

Nikainua chupa. Nikalegeza kibanio. Maji katika kioo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupanda pale mama alipopaza sauti:

"Sasa! Sasa, mwanangu, utanipasua!"

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mishipa ilikuwa hai. Mama angepewa dawa ya matone, naye angejizoeza kwenda chooni kwa saa zilizopangwa, bila kungoja kubanwa.

"Nimesafirishwa na basi kutwa nzima," mama alisema nilipomtafsiria, "nije kufundishwa kwenda chooni?"

Kisha uso wake ukabadilika. Akanishika kiwiko.

"Amenisikia?"

Nilichungulia dirishani. Mkwe wake alikuwa amevuka ua wote, amesimama karibu na dobi wa hospitali, ametugeuzia mgongo, na masikio ameyaziba kwa viganja vyote viwili.

"Hakukusikia, mama."

Akafumba macho, akaniacha nimfute maji mapajani.